Shilingi Elfu Moja, Bwana Msa na Sherlock Holmes: Hesabu ya Msomaji wa Wote

Kwa mtu aliye mjini Wote, Makueni, na mwenye shilingi elfu moja ya kutumia, kuingia katika hadithi za kale za upelelezi ni jambo la hesabu kwanza, fasihi baadaye. Maduka ya vitabu mjini yanaishi kwa vitabu vya shule: vya kiada, vya marudio, kamusi, na Biblia. Hadithi isiyotahiniwa hukaa rafuni muda mrefu huku kodi ya duka ikidaiwa kila mwezi, kwa hiyo mwenye duka haiagizi. Anayemtaka Sherlock Holmes wa Arthur Conan Doyle au Hercule Poirot wa Agatha Christie lazima ajue mwenyewe anatafuta nini, kinapatikana wapi, na kitamgharimu kiasi gani mpaka kimfikie.

Wengi siku hizi huingilia mlango wa filamu. Netflix ilitoa Enola Holmes mwaka 2020, hadithi ya dada mdogo wa Sherlock anayepeleleza mambo yake mwenyewe. Mwaka 2022 ikaja Glass Onion, ambamo washukiwa wanakusanyika kisiwani na mpelelezi Benoit Blanc anafumbua fumbo kwa namna iliyozoewa katika vitabu vya Agatha Christie. Ndani ya Wake Up Dead Man ya mwaka 2025, kitabu cha John Dickson Carr kiitwacho The Hollow Man, cha mwaka 1935, kinatajwa waziwazi na wahusika wenyewe. Mtazamaji anamaliza filamu akijiuliza: hawa wamejifunza kwa nani? Ni swali zuri, na ndilo linalowapeleka wasomaji wengi kwa mababu wa fani hii.

Ila kwa mkazi wa Wote filamu ni mlango wa gharama. Ule mpango wa bure wa Netflix kwa simu za Android, uliofunguliwa nchini Kenya mwaka 2021, ulifungwa Novemba 2023. Sasa kuna ada ya kila mwezi, na juu yake kuna data. Kwa ubora wa kawaida Netflix hula takriban GB 0.7 kwa saa, na Glass Onion inaendelea kwa saa mbili na dakika ishirini hivi. Hiyo ni zaidi ya GB moja na nusu kwa filamu moja. Bando la GB moja la saa 24 linalouzwa kwa takriban shilingi mia litakuacha njiani kabla muuaji hajajulikana. Ukiingia kwenye mipangilio ya akaunti na kushusha matumizi ya data hadi kiwango cha chini, matumizi hayo hupungua hadi GB 0.3 hivi kwa saa, na bando lile lile linatosha na kubaki. Wenye simu ndogo hawapotezi kitu kwa kufanya hivyo. Kama ni filamu unayoitaka, anza kwa kugeuza mpangilio huo.

Hata hivyo, kwa msomaji wa Kiswahili ninao mlango ulio bora, na uko wazi tangu mwaka 1960.

Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Alifanya kazi katika idara ya afya, akageukia uandishi wa habari, akahariri gazeti la Zanzibari kuanzia mwaka 1948, na mwaka 1958 akawa mhariri wa jarida la Mkulima huko Tanganyika. Katika miaka hiyo hiyo Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, lililokuwa na makao yake Nairobi, liliendesha shindano la kuandika hadithi za Kiswahili. Abdulla akashinda kwa Mzimu wa Watu wa Kale, na mwaka 1960 kitabu kikachapishwa. Humo ndimo tunamkuta kwa mara ya kwanza Bwana Msa: mtu mtulivu, kiko mdomoni, anayetazama yale ambayo wengine wameyaona wakayapita, na kuunganisha vitu vidogo mpaka vikatoa jibu. Pembeni yake yuko Najum, rafiki anayeuliza maswali ambayo msomaji naye angetaka kuyauliza. Aliyemsoma Arthur Conan Doyle atawatambua mara moja Holmes na Daktari Watson. Abdulla hakuficha alikojifunzia. Alichukua umbo la London akaliweka Unguja, kwenye mashamba ya minazi na mikarafuu, kati ya watu wenye majina yetu na imani zetu.

Hapo ndipo ninaposimama na kusema kwamba heshima aliyompa Doyle ina thamani kubwa kwa mnunuzi wa Makueni. Fumbo la kitabu hicho ni la mtu tajiri anayekutwa amekufa mahali pa mzimu, pale wanapopaogopa wote. Watu wanasema mizimu imekasirika. Bwana Msa anatafuta mkono wa binadamu. Msomaji wa Ukambani hahitaji kuelezwa hofu ya mahali kama hapo: ithembo, mahali pa kutambikia, analijua, na anajua mkuyu ambao watoto hukatazwa kuusogelea. Sasa mchukue msomaji huyo huyo umpe The Hound of the Baskervilles, kitabu cha Doyle cha mwaka 1902, ambamo jamaa wa ukoo mmoja wanaaminiwa kuandamwa na mbwa wa kishetani kwenye nyika ya Uingereza, na Holmes anakataa kukubali kwamba shetani ndiye anayeua. Atakiona kitabu hicho kwa macho mengine kabisa. Atajua kwamba swali ni lile lile: nani ananufaika watu wakiogopa? Aliyeanza na kitabu cha Kiingereza moja kwa moja huweza kukwama katika nyika hiyo, katika magari ya farasi na majina ya nyumba za wakubwa, asione kilichomo chini yake.

Lugha nayo ina gharama, ingawa haiandikwi kwenye risiti. Kiingereza cha Doyle ni cha karne ya kumi na tisa, na sentensi zake ni ndefu. Kiswahili cha Abdulla ni Kiunguja safi chenye maneno ambayo shule zetu hazikutufundisha, kwa hiyo kamusi itahitajika kwa vyote viwili. Tofauti ni kwamba kwa Abdulla unajifunza neno utakalolitumia kesho.

Bei sasa. Riwaya fupi ya Kiswahili iliyochapwa hapa nchini hupatikana kwa kati ya shilingi 300 na 600, kutegemea duka na toleo. Ndani ya bei hiyo kuna ushuru wa VAT wa asilimia 16, uliowekwa kwa vitabu na sheria ya mwaka 2013, na ambao wachapishaji wamekuwa wakiulalamikia tangu hapo. Kama duka la Wote halina kitabu, usikimbilie kupanda gari. Nauli ya kwenda Nairobi kupitia Machakos ni kati ya 400 na 600 kwa upande mmoja, kwa hiyo safari ya kwenda na kurudi kwa ajili ya kitabu kimoja inaweza kula elfu nzima kabla hujakinunua. Maduka makubwa ya Nairobi, kama Text Book Centre na Nuria, huuza kwa simu na mtandao. Unalipa kwa M-Pesa, kifurushi kinapandishwa matatu ya Wote, unakichukua stejini. Kutuma kifurushi kidogo kwa gari hugharimu takriban 100 hadi 200. Jumla, kitabu cha Bwana Msa kinakufikia kwa kiasi kisichozidi shilingi 800, na mara nyingi chini ya hapo.

Abdulla aliandika vingine baada ya hicho: Kisima cha Giningi mwaka 1968, Duniani Kuna Watu mwaka 1973, Siri ya Sifuri mwaka 1974, na Kosa la Bwana Msa mwaka 1984. Baadhi vilitolewa na East African Publishing House ya Nairobi, kampuni ambayo haipo tena, kwa hiyo matoleo yale ya zamani yanasakwa kwenye vitabu vya mitumba. Mwenye jamaa anayefanya kazi Nairobi na amwombe apite kwa wauza vitabu wa barabarani, karibu na Tom Mboya na Moi Avenue, anapokwenda kupanda gari la nyumbani. Pale kitabu cha mitumba huuzwa 100, 150, pengine 200. Nakala ya zamani ya Bwana Msa ikionekana, ichukuliwe bila kusitasita, hata kama jalada limechanika. Kagua tu kwamba kurasa za mwisho zipo. Hadithi ya upelelezi isiyo na kurasa za mwisho ni hasara tupu.

Kuhusu Holmes mwenyewe, sioni sababu ya mkazi wa Wote kumnunua akiwa mpya, labda awe anataka zawadi ya kumpa mtu. Sheria ya Kenya ya hakimiliki ya mwaka 2001 inalinda kazi ya mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki. Doyle alifariki mwaka 1930. Kwa hesabu hiyo vitabu vyake vyote vya Holmes ni mali ya umma hapa kwetu: riwaya nne na hadithi fupi 56, kuanzia A Study in Scarlet ya mwaka 1887 hadi mkusanyiko wa mwisho wa mwaka 1927. Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni iliyoanzishwa mwaka 1971, inavitoa bure bila kujisajili. Ukichagua toleo la EPUB lisilo na picha, vyote kwa pamoja havizidi megabaiti chache. Data ya kumpakua Holmes mzima ni ndogo kuliko data ya kutazama dakika tano za filamu kwa ubora wa kawaida.

Pakua EPUB, achana na PDF. PDF kwenye simu ndogo inakulazimisha kusukuma ukurasa kushoto na kulia kwa kila mstari, na watu wengi huacha kusoma kwa sababu hiyo wakidhani tatizo ni kitabu. EPUB hupanga maneno upya kulingana na kioo chako, na unaweza kukuza herufi. Programu ya kusomea iko bure, nayo haihitaji intaneti baada ya kupakua. Usiku unaweza kugeuza ukurasa uwe mweusi na herufi nyeupe, na kwenye simu yenye kioo cha OLED betri itakaa zaidi. Kwa asiyependa kusoma kwenye kioo, au mwenye macho yaliyochoka, LibriVox ina usomaji wa sauti wa hadithi hizo, bure vilevile, uliofanywa na watu wa kujitolea. Faili za sauti ni kubwa kuliko maandishi, kwa hiyo pakua hadithi moja moja pale penye Wi-Fi. Mwanafunzi wa kampasi ya South Eastern Kenya University (SEKU) hapa Wote, kama anaifikia Wi-Fi ya chuo, amalizie kazi hiyo huko.

Wapo wanaofikiria kwenda saiba kuchapa. Hesabu haikubali. Ukurasa mmoja wa nyeusi na nyeupe ni shilingi 10. A Study in Scarlet ina maneno kama 43,000. Kwa maneno 400 kwa ukurasa, hizo ni kurasa zaidi ya mia moja na shilingi zaidi ya elfu, kwa karatasi zisizojalidiwa. Hadithi fupi ni jambo jingine. The Speckled Band, fumbo la chumba kilichofungwa ambalo mwalimu yeyote wa Kiingereza angefurahi kuwa nalo, itachukua kurasa kama 25, yaani shilingi 250. Kundi la wanafunzi watano likichanga, kila mmoja anatoa 50. Mwenye kiswaswadu, kile kisimu kisichofungua vitabu, anaweza kuingia kundini kwa njia hiyo.

Agatha Christie ana hesabu yake mwenyewe, na hapa nawaomba wasomaji wawe na subira. Kitabu chake kipya cha karatasi, kikiwa kimeagizwa kutoka Uingereza, kinauzwa Nairobi kwa kati ya shilingi 1,000 na 1,500. Hiyo ni bajeti yetu yote na zaidi. Christie alifariki Januari 1976. Kwa sheria yetu, ulinzi wake unaisha mwisho wa mwaka 2026, na tarehe 1 Januari 2027 vitabu vyake vinakuwa huru nchini Kenya. Kweli, vile vya mwanzo kama The Mysterious Affair at Styles cha mwaka 1920 na The Murder of Roger Ackroyd cha mwaka 1926 viko tayari kwenye tovuti za bure za Marekani, kwa sababu Marekani huhesabu vitabu vya zamani kwa mwaka wa kuchapishwa. Sheria hiyo ni ya kwao. Kabla ya tarehe hiyo, njia halali na ya bei nafuu ni mitumba, na bahati nzuri Christie ni miongoni mwa waandishi wanaopatikana kwa wingi kwenye mitumba. Nakala ya 150 inasomeka sawasawa na ya 1,500.

Wakati wa kumngoja Christie kuna wengine walio huru tayari. G. K. Chesterton, aliyefariki 1936, na Padri Brown wake anayewajua wahalifu kwa sababu amesikiliza maungamo yao. Nadhani msomaji wa mji wenye makanisa mengi kama Wote atampenda padri huyo kuliko Holmes. Dorothy Sayers, aliyefariki 1957. Wilkie Collins na The Moonstone ya mwaka 1868. Na Edgar Allan Poe, ambaye mwaka 1841 kwa hadithi fupi moja ya mauaji ya Paris aliianzisha fani yote hii.

Siwezi kuzungumzia Makueni na hadithi za namna hii bila kumtaja David Maillu, mzaliwa wa Kilungu, mwaka 1939. Kampuni yake ya Comb Books, aliyoianzisha Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilitoa vitabu vidogo vya kuingia mfukoni kwa bei ambayo karani na dereva waliimudu. Maillu alielewa mapema kuliko wachapishaji wengi kwamba bei na ukubwa wa kitabu ni sehemu ya uandishi. Mwaka 1980, katika mfululizo wa Pacesetters wa Macmillan, akatoa The Equatorial Assignment, akimleta Benni Kamba, jasusi namba 009. Namba hiyo inasema wazi anayemwamkia: James Bond wa Ian Fleming. Benni Kamba ni jasusi zaidi kuliko mpelelezi wa mafumbo, kwa hiyo anayetaka kukusanya vidokezo na kumkisia muuaji hatamkuta huyo hapa. Anayetaka mbio na hatari atafurahi. Pacesetters za zamani ziko mitumbani kwa bei ile ile ya 100 hadi 200, na kwa mtu wa Kilungu au Mbooni kuna raha ya pekee kuona shujaa wa dunia nzima akibeba jina hilo. Fleming, aliyefariki 1964, naye yuko huru kwa sheria ya Kenya tangu mwaka 2015, kwa hiyo anayetaka kulinganisha mwanafunzi na mwalimu hahitaji kulipia pande zote mbili.

Kuna gharama moja ninayotaka tuikatae kwa pamoja. Nakala za PDF za vitabu vya Kiswahili, vya Abdulla, vya Elvis Musiba na Willy Gamba wake, vya Ben Mtobwa na Joram Kiango wake, huzungushwa katika makundi ya WhatsApp na Telegram. Zinaonekana za bure. Abdulla alifariki mwaka 1991, kwa hiyo haki za warithi wake zinadumu mpaka mwisho wa mwaka 2041. Mchapishaji akiona hakuna anayenunua, hachapi tena, na kitabu kinabaki kivuli cha kurasa zilizopigwa picha vibaya. Holmes hatapungukiwa na kitu ukimpakua bure, maana sheria imemtoa. Bwana Msa atapungukiwa. Kwa hiyo shilingi zako chache zipeleke kwa kitabu cha Kiswahili, na megabaiti zako zipeleke kwa Doyle. Mtu akifanya kinyume, anunue Holmes wa 1,200 dukani na amchukue Bwana Msa kwa WhatsApp, amelipia kilicho bure na kunyima kinachostahili malipo.

Maktaba za umma zipo katika kaunti, Kinyambu, Kithasyu na Mutyambua, lakini kwa mkazi wa Wote nauli ya kufika huko inaweza kuzidi bei ya kitabu cha mitumba. Aliye karibu nazo asiziache. Aliye mjini atafaidika zaidi na chama. Watu wanne, kila mmoja achange 250 kwa mwezi: kwa elfu hiyo moja mnapata Bwana Msa mmoja mpya aliyefika kwa matatu, pamoja na kitabu kimoja cha mitumba, na mnabadilishana. Baada ya miezi sita kila mmoja amesoma vitabu kumi na viwili kwa shilingi 1,500, na Holmes mzima kwenye simu bila kuongeza kitu. Sijaona njia nyingine inayofikia hiyo kwa unafuu.

Ukiwa peke yako, na una elfu moja tu, mpangilio wangu ni huu. Nunua Mzimu wa Watu wa Kale, ukisome mpaka mwisho kabla ya kugusa kingine. Kisha pakua The Hound of the Baskervilles ukiwa bado unamkumbuka Bwana Msa. Chenji itakayobaki iweke kwa Christie wa mitumba, au kwa Benni Kamba kama moyo wako unapenda mbio.

Na kabla ya kupiga simu Nairobi, ingia kwanza katika duka la vitabu la hapa Wote ukiulizie kitabu cha Bwana Msa kwa jina lake. Muulize mwenye duka kama anaweza kukiagiza pamoja na vitabu vya shule, maana mzigo wa shule unakuja hata hivyo na kitabu kimoja zaidi hakimwongezei gharama ya gari. Akisema hakuna anayekiulizia, mwachie namba yako ya simu, na umwambie rafiki yako naye aende akaulize.